Nimesikiliza mapendekezo ya uzamifu ya idara nyingine, sasa nina wasiwasi na mada yangu

Mwalimu wa Luanda

Hamjambo nyote. Nafundisha Kiswahili na Historia katika shule ya upili karibu na Luanda, Kaunti ya Vihiga, na mwaka huu nimeanza uzamifu katika chuo kikuu kimoja cha huku kwetu magharibi. Mada yangu ni majadiliano ya bei ufuoni kati ya wavuvi na wanawake wanaonunua omena, wale dagaa wa Ziwa Viktoria: nani hutaja bei kwanza, nani hunyamaza na kwa nini, ni wakati gani Kiswahili huachwa na Dholuo kikashika, utani hutumikaje kumlegeza mwenye mashua, na mteja wa kila siku husema nini ambacho mgeni hathubutu kusema. Mama yangu aliuza omena katika soko la Luanda mpaka magoti yalipomkatalia. Mazungumzo hayo nimeyasikia tangu utotoni, na katika kusoma kwangu kote sijakutana na aliyeyachambua neno kwa neno.

Wiki iliyopita chuo kilikuwa na semina ambapo wanafunzi wa uzamifu wa vitivo vyote huwasilisha mapendekezo yao katika ukumbi mmoja. Nilikaa tangu asubuhi. Alianza kijana wa botania na kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mahindi kutoka mizizini. Akaja muuguzi anayetaka kujua kwa nini akina mama wengi hufika kliniki mimba ikiwa imeshakua sana. Kulikuwa na mtu wa mipango ya miji na vituo vya boda boda vya Kisumu, mwalimu mkuu mstaafu na nidhamu shuleni, dada wa sayansi ya chakula na mchanga unaobaki kwenye omena iliyoanikwa chini. Halafu bwana mmoja wa hisabati alijaza ubao uthibitisho toka juu hadi chini bila kutaja kitu chochote cha kushikika, na maprofesa wake wakawa wanaitikia kwa vichwa, wameridhika kabisa.

Nikasimama mimi. Nilieleza mada yangu kwa utulivu. Swali la kwanza kutoka ukumbini: "Matokeo yako yatampunguzia nani gharama?" Nilijibu kadiri nilivyoweza, nikaketi. Jioni nikamsimulia shemeji yangu, ambaye ndiye anayenisaidia karo, naye akaniuliza kwa upole: "Sasa shemeji, ukishaitwa daktari, utamtibu nani?" Hakuwa ananikejeli. Anauza maziwa ili nisome, ana haki ya kuuliza.

Naomba mnisaidie. Je, utafiti wa lugha una uzito ule ule mbele ya jopo kama ule wa kayongo au malaria? Nigeuze mada iwe, kwa mfano, lugha ya mabango ya afya, ili ionekane ina faida? Na ninyi wa idara nyingine, mada zenu mlizipataje? Siombi kufarijiwa. Nataka kujua mambo yanavyokwenda.

Mkutubi wa Kisumu

Mwalimu, pole na hongera kwa kusimama mbele ya ukumbi ule. Mimi si mhadhiri. Nafanya kazi katika maktaba ya chuo kikuu, kitengo cha tasnifu. Mtu akishatetea na kusahihisha, nakala zake hunifikia: iliyojalidiwa naiweka rafuni, ya kompyuta naiingiza kwenye hazina ya chuo pamoja na ikisiri yake. Kwa hiyo nasoma ikisiri za vitivo vyote, na hakuna sehemu ya kazi yangu ninayoipenda kuliko hiyo. Siku moja mezani pangu unaweza kukuta kichocho, ushairi, udongo wenye asidi, mikopo ya vyama vya akiba na mila za mahari, vyote vikingoja namba ya rafu.

Nianze na swali la kubadilisha mada. Usibadilishe. Sababu nitakupa kutoka huko huko ziwani.

Unajua kwamba kuna fuo ambako vyandarua vya mbu vilitumika kuanikia samaki. Watafiti wa malaria waliliandika jambo hilo kitambo, maana liliwagusa moja kwa moja: chandarua cha kumkinga mtoto kimetandazwa chini na omena imemwagwa juu yake. Na hili ni eneo ambalo vyandarua vyenye dawa vilijaribiwa kwa kiwango kikubwa, pale Asembo na Gem, mwishoni mwa miaka ya 1990, ikaonekana vifo vya watoto vinapungua. Sasa fuata chandarua kimoja cha ufuoni uone kinapita idara ngapi. Mtu wa elimu ya wadudu atapima kama dawa bado inaua mbu. Wa afya ya umma ataingia nyumbani aulize nani analala chini ya chandarua na nani analala nje yake. Wa uchumi atapiga hesabu: omena iliyoanikwa juu ya wavu haishiki mchanga, hivyo mnunuzi huipenda zaidi, na wavu wa kuanikia hununuliwa ilhali cha mbu mara nyingi hutolewa bure. Dada yule wa sayansi ya chakula anauliza kuhusu mchanga huo huo. Je, wewe? Katika watu hao wote ni wewe tu utakayekuwa umesimama pale bei inapokatwa. Mama anayejua kwamba omena yake itauzwa vizuri sokoni hujadiliana na mvuvi tofauti na yule mwenye wasiwasi wa mvua na mahali pa kuanika. Hayo yatakuwa kwenye kinasa sauti chako kabla hayajafika kwenye jedwali la mtu yeyote.

Kuna pia jaboya, na tafadhali usiikwepe. Wewe umekulia karibu na biashara hii, unajua kwamba wako wanawake ambao hawapati samaki mpaka wawe na uhusiano na mvuvi. Watu wa afya wameandika mengi juu ya hilo kwa sababu ya virusi vya ukimwi, na walifanya vyema. Lakini mwanamke anayetaka kukataa bila kurudi nyumbani na beseni tupu anasema nini? Anaanzaje? Nani yuko karibu anasikia? Mtu wa kuhesabu maambukizi hana zana za kulijibu hilo. Mtu wa lugha anazo. Aliyekuuliza utampunguzia nani gharama aliuliza swali halali, na jibu lako limo humo.

Huyo kijana wa botania naye asidhani kayongo ni mali ya botania. Mche mmoja hutoa mbegu makumi ya maelfu, na zinaweza kungoja ardhini zaidi ya miaka 10 mpaka mzizi wa hindi au mtama uzipe dalili ya kemikali ya kuota. Huko Mbita, watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, pamoja na wenzao wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, walikuwa wakitafuta dawa ya viwavi wanaotoboa mabua. Ndipo ikatoka vuta-sukuma: desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari ya mahindi, ambayo harufu yake huwafukuza nondo wanaozaa viwavi hao, na nyasi za nepia pembeni zinazowavuta watoke nje. Ikaonekana kwamba palipo na desmodiamu kayongo inapungua. Wa kemia wakaingia, wakaonyesha kwamba mizizi ya desmodiamu huiamsha mbegu ya kayongo na kisha kuizuia isishike mzizi wa hindi, ikafa yenyewe. Hapo ungedhani kazi imekwisha. Ila desmodiamu hukaa shambani miaka kadhaa, na anayekodi shamba msimu mmoja hana sababu ya kumpandia mwenye shamba. Mama ambaye ardhi ina jina la mume au la baba mkwe naye anafikiria mara mbili. Hivyo kayongo imeshahamia kwa watu wa sheria ya ardhi, wa sosholojia na wa uenezi wa kilimo, na kila mmoja ana nafasi ya tasnifu nzima.

Kuhusu uzito mbele ya jopo, mfano ninao jirani. Profesa Bethwell Ogot, mzaliwa wa Gem, aliandikia Chuo Kikuu cha London uzamifu juu ya historia ya Wajaluo. Wakati huo wasomi wengi walishikilia kwamba pasipo maandishi hapana historia. Yeye alikusanya masimulizi ya wazee, ukoo kwa ukoo, akayapambanisha. Siku hizi mwanafunzi wa historia haulizwi kama kauli ya mzee ni ushahidi. Anaulizwa ameilinganisha na nini. Nawe jopo litakuuliza vivyo hivyo: ulirekodi nini, ulichagua vipi fuo zako, ulijuaje kwamba kunyamaza kule ni mbinu na si uchovu. Jiandae kwa hayo, si kwa swali la shemeji.

Tasnifu dhaifu naziona kila kitivo, sayansi hata fasihi, na nyingi zina sura moja. Athari za kitu fulani kwa kitu fulani katika kaunti ndogo fulani. Hojaji ya alama tano, kutoka nakubali sana hadi nakataa sana. Sura ya nne imejaa asilimia, na sura ya tano inapendekeza serikali iongeze uhamasishaji. Mwandishi mwenyewe ukimwuliza alishangazwa na nini, hana la kusema. Mabango ya afya yatakuvuta upande huo. Nakusihi usiende.

Badala yake njoo maktaba, au ingia kwenye hazina ya kidijitali ya chuo chako, uandike neno omena. Soma ikisiri za watu wa uvuvi, wa lishe, wa afya, wa biashara. Kwa kawaida wanafunzi husoma za idara yao peke yake, na kwa sababu hiyo watu wawili wanaweza kukaa ufuo mmoja mwaka mzima bila kujuana.

Ngano Njoro

Nawasalimu kutoka Nakuru. Dada mwalimu, umeuliza mada hupatikanaje. Mimi sikuitafuta. Msimamizi wangu alikuwa na mradi, mradi ulikuwa na fedha, nikapewa kipande changu: kutu ya shina ya ngano, ugonjwa unaoletwa na kuvu. Wengi wetu wa kilimo na sayansi ndivyo tulivyoingia, na hakuna ubaya. Ile aina ya kutu inayoitwa Ug99 iligunduliwa Uganda mwaka 1998, ikawatia hofu wakulima wa ngano hadi Asia, na tangu hapo kituo cha KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, pale Njoro hupokea ngano kutoka nchi nyingi. Zinapandwa na kuambukizwa kwa makusudi, ionekane ni ipi itasimama. Nilitembea kwenye vipande hivyo vya shamba na daftari hadi nikawa naota rangi ya kutu usingizini.

Lakini usituone kwamba tuna faida ya papo hapo. Siku niliyotetea hakuna mkulima wa Mau Narok aliyeongeza gunia. Ukipata chanzo cha ukinzani kwenye mbegu, kuna miaka ya kuzalisha, kupima maeneo mbalimbali, kuidhinisha na kuzidisha mbegu kabla mtu hajainunua dukani. Kazi yangu ni sehemu ndogo ya safari hiyo na ninaipenda hivyo hivyo. Nasi tuna shida isiyowahusu ninyi: mvua ikikosea, msimu umekwenda, na huwezi kumwambia mmea urudie.

Jirani yangu wa maabara alikuwa wa flamingo. Alianza kwa kupima mwani wa Ziwa Nakuru, chakula cha wale ndege, na ziwa likawa linapanda. Maji yaliyoanza kupanda miaka ya 2010 na kuendelea yalipunguza ukali wa magadi, mwani ukapungua, ndege wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Mwishowe alikuwa anasoma jiolojia ya Bonde la Ufa na kuongea na watu ambao maji yaliingia mashambani mwao. Hakupanga hivyo, ziwa ndilo lililompeleka.

Mambo mawili ya karatasi, maana huwa yanachelewesha watu kuliko utafiti wenyewe. Viwango vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya 2014 vinataka mwanafunzi wa uzamifu awe amechapisha makala mbili katika majarida yanayohakikiwa na wataalamu. Anza ya kwanza mapema, mara pendekezo likipita. Jarida likikuahidi kukubali makala kwa siku chache mradi utume pesa, likimbie. Yapo majarida mazuri ya Kiswahili, mwulize msimamizi wako yapi yanaheshimika. La pili, usidhani kibali cha maadili na leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) ni vya wanaotoa watu damu. Unarekodi sauti za watu wakifanya biashara, unavihitaji vyote viwili kabla ya kuwasha kinasa sauti.

Uthibitisho

Mimi ni wa hisabati, na bwana wa ubao uliyemsikia ni wa ukoo wangu wa kitaaluma hata kama simjui. Nitaongea kwa ufupi.

Mada zetu huzaliwa kwenye ukurasa wa mwisho wa makala ya mtu mwingine. Anasema: jambo hili nimelithibitisha kwa hali hii, kwa hali ile bado liko wazi. Unalichukua, unakaa nalo. Vifaa vyangu ni karatasi, ubao na subira ya watu wa nyumbani. Hatuulizwi nani atafaidika. Tunaulizwa kama ni kweli na kama ni jipya, basi.

Upande wa pili wa idara wako wanaofanya modeli za magonjwa, na hapo utaona jinsi alama za ubaoni zinavyofika kwa watu. Ronald Ross alipata Nobeli mwaka 1902 kwa kuonyesha kwamba malaria huletwa na mbu. Baadaye akaandika milinganyo iliyoonyesha jambo ambalo wengi hawakulikubali upesi: si lazima umalize mbu wote. Wakishuka chini ya kiwango fulani, ugonjwa unajizima. Wanaofanya modeli za malaria ya Nyanza leo bado wanaanzia pale.

Ninachokuomba, mwalimu: mlete mtu kama mimi ufuoni kwako. Kunyamaza kabla ya kutaja bei, nani anaanza, nani anangoja, hilo ni tatizo la nadharia ya michezo, yaani hisabati ya watu wanaoamua huku kila mmoja akikisia mwenzake atafanya nini, na sisi tuna milinganyo mingi isiyokuwa na data ya watu halisi. Rekodi zako zingetufaa sana.

Mwalimu wa Luanda

Nimesoma yote polepole, nikamsomea shemeji pia. Aliposikia habari ya jaboya alikaa kimya, kisha akasema: "Hiyo iandike." Mada inabaki. Nimeshatafuta neno omena kwenye hazina ya chuo na nimepata kazi za idara ambazo sikujua kama zina habari na samaki.

Mkutubi, Ngano Njoro, naomba mnimalizie hili. Nafundisha, kwa hiyo nafasi yangu ya kukaa ufuoni ni likizo. Nilikuwa nimepanga kukusanya data likizo ya Aprili. Na wanawake wengine, najua, hawatataka sauti zao zirekodiwe, hasa kukiwa na wavuvi karibu. Wengine hawatapenda kutia sahihi karatasi yoyote. Nifanyeje?

Ngano Njoro

Kwa sahihi: kamati ya maadili inaweza kuruhusu ridhaa ya mdomo inayorekodiwa, au alama ya kidole mbele ya shahidi, mradi ueleze kwenye ombi lako kwa nini na utaifanyaje. Liandike tangu mwanzo. Kulirekebisha ombi baada ya kuidhinishwa huchukua muda. Habari za jaboya usizikusanye ufuoni kabisa. Ziombee mahojiano ya faragha, nyumbani au popote mama mwenyewe atakapochagua, na jina lisiingie kwenye daftari lako hata la rafu.

Mkutubi wa Kisumu

Aprili haitakufaa, mwalimu. Upande wetu wa ziwa uvuvi wa omena hufungwa Aprili hadi Julai ili samaki wazaane, na mashua nyingi huwa zimevutwa nchi kavu. Utakuta ufuo lakini hutakuta bei. Itumie likizo hiyo kujitambulisha: nenda kwa mwenyekiti wa BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo, katika kila ufuo uliouchagua na barua ya chuo na leseni yako, kaa na akina mama wakiwa na nafasi, waeleze unachotaka na waulize wao wangependa kurekodiwa vipi. Wakishakujua wewe ni binti wa muuza omena wa Luanda, wengi watakuongoza wenyewe.

Data ikusanye likizo ya Agosti. Kabla ya kulipa nauli angalia kalenda ya mwezi. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti, kwa hiyo mashua nyingi hazitoki. Panga siku za giza. Lala karibu na ufuo, maana mashua hurudi kabla jua halijapanda na mapatano huisha haraka. Ukija na matatu ya asubuhi kutoka Luanda utakuta omena imeshaanikwa.